Cleopatra Hakutawala Kitandani

Mtaje Cleopatra popote, darasani, barazani au ndani ya daladala, na utajibiwa habari ileile: mwanamke mzuri kupita kiasi, aliyemnasa Julius Caesar, kisha akamnasa Mark Antony, akawaponza wote wawili, mwishowe akajiua kwa sumu ya nyoka. Jina lake limebandikwa kwenye saluni, sabuni na vipodozi. Wanaomsifu wanamsifu kwa sura, na wanaomlaani wanamtumia kuwaonya vijana wa kiume: angalieni jemadari mzima alivyomalizwa na mwanamke.

Naipinga habari hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Ni propaganda ya vita, iliyotungwa na adui yake kwa lengo linalojulikana na katika mwaka unaojulikana, nasi tunaendelea kumtangazia bure zaidi ya miaka 2000 baada ya vita kwisha. Cleopatra wa Saba aliitawala Misri kwa miaka 21, kuanzia 51 hadi 30 KK. Hakuna anayeshika nchi kubwa kwa muda huo kwa kurembua macho. Nchi hutawaliwa kwa nafaka, kodi, sarafu, majeshi na mikataba, na katika kila moja ya mambo hayo ameacha ushahidi. Huo ndio uliostahili kusomwa kwanza.

Tuanze na hali aliyoikuta. Alitoka katika ukoo wa Ptolemy, jemadari wa Kimakedonia aliyejitwalia Misri baada ya bwana wake, Aleksanda Mkuu, kufariki mwaka 323 KK. Kufikia siku za baba yake, Ptolemy wa Kumi na Mbili, aliyepewa jina la utani la Mpiga Zumari, ufalme ulikuwa umekabwa koo na madeni. Mwaka 59 KK mfalme huyo aliwalipa Caesar na Pompey karibu talanta 6000 ili Roma imtambue tu kuwa mfalme halali na rafiki. Mwaka uliofuata Roma ikakinyakua kisiwa cha Kupro, kilichokuwa chini ya ndugu yake. Ndugu yule akanywa sumu, na Mpiga Zumari hakufungua mdomo. Wakazi wa Aleksandria wakamfukuza. Mwaka 55 KK akarudishwa kwa upanga wa gavana wa Siria, Aulus Gabinius, kwa ahadi ya talanta nyingine 10,000. Kisha akamteua mmoja wa wadai wake, Mrumi aitwaye Rabirius Postumus, kuwa msimamizi wa hazina ya Misri, yaani ajilipe mwenyewe kutoka kwenye jasho la wakulima. Watu wakachachamaa, na mdai yule akakimbia nchi.

Hiyo ndiyo nchi aliyokabidhiwa msichana wa miaka 18, pamoja na mdogo wake wa miaka 10 kama mfalme mwenza. Utotoni alikuwa ameshuhudia baba yake akinunua kiti chake mwenyewe kwa Warumi, na baba yake mdogo akinywa sumu kisiwa chake kilipotwaliwa. Somo lilikuwa wazi. Misri haikuwa na jeshi la kuipiga Roma, wala haikuwa na mahali pa kujificha. Njia iliyobaki ilikuwa kumpata Mrumi mwenye nguvu ambaye ataona faida zaidi Misri ikiwa na mtawala wake kuliko ikiwa jimbo. Siasa yake yote ya baadaye ilijengwa juu ya hesabu hiyo, na asiyeiona hesabu hiyo ataona mapenzi tu.

Katika miaka yake ya kwanza mafuriko ya Nile yalikuwa haba, na Misri isipofurika hailimi. Ipo amri ya kifalme iliyoandikwa kwenye karatasi ya mafunjo, ya tarehe 27 Oktoba 50 KK. Inaagiza kwamba nafaka na kunde zinazonunuliwa Misri ya Kati zipelekwe Aleksandria tu. Atakayezipeleka kwingine adhabu yake ni kifo, na atakayemfichua atapewa zawadi. Ni amri kali, na mkulima aliyeona chakula kikimpita kwenda mjini alikuwa na haki ya kuilaani. Lakini tuisome kwa kinachosema. Ni sauti ya serikali inayojua kuwa mji mkuu ukilala njaa, kiti hakikaliki, na inayojua pia njia ambazo walanguzi huzitumia.

Katika mwaka huohuo alipata mtihani wake wa kwanza na Roma. Gavana wa Siria, Bibulus, aliwatuma wanawe wawili kuwaita askari wa Kirumi waliobaki Misri tangu siku za Gabinius. Askari wale walikwisha kuoa na kuzoea maisha ya huko, wakawaua vijana hao. Cleopatra akawakamata wauaji, akawafunga minyororo na kuwapeleka kwa Bibulus. Uamuzi huo ulimgharimu, maana wenye silaha mjini wakawa adui zake, na haukupita muda washauri wa mdogo wake, Pothinus, Achillas na Theodotus, wakamwondoa kitini. Hakwenda kujificha. Alikusanya jeshi upande wa Siria na kurudi nalo mpakani, karibu na Pelusium. Alikuwa na miaka 21, na kufikia hapo hapakuwa na Caesar wala Antony maishani mwake. Anayesema nguvu zake zilitoka kwa wanaume atueleze jeshi lile lilitoka wapi.

Sasa tuje kwenye tukio linalopendwa na watengeneza filamu: malkia anaviringishwa ndani ya zulia, zulia linakunjuliwa miguuni pa Caesar, na jemadari anayeyuka. Zulia halimo katika simulizi za kale. Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyekuja zaidi ya karne moja baadaye, anasema kwamba Apollodorus wa Sicilia alimwingiza ikulu ndani ya mfuko wa matandiko. Alikuwa na sababu ya kuingia kwa siri: mji ulikuwa mikononi mwa watu waliotaka afe. Na Caesar mwenyewe alikuwa katika hali gani? Alikuwa amefika na askari wasiofika 5000, akidai drakma milioni 10 kutokana na madeni ya Mpiga Zumari. Pothinus alimjibu kwa dharau, hata akawalisha askari wake nafaka kuukuu iliyovunda. Watu hawahawa ndio walikuwa wamemchinja Pompey pwani siku chache tu zilizopita, wakidhani wanamfurahisha mgeni. Mbele ya Caesar basi palikuwa na pande mbili: kijana anayeongozwa na wauaji wasiotaka kulipa, na dada mtu anayejua Roma inataka nini na yuko tayari kupatana. Uamuzi wake haukuhitaji uchawi wowote. Vita vilivyozuka kati yake na upande wa kijana huyo vilipokwisha mwaka 47 KK, Cleopatra alikuwa amerudi kitini, na Kupro kilichopotezwa na baba yake kilikuwa kimerudi Misri.

Walikuwa wapenzi? Ndiyo, na alizaa mtoto wa kiume aliyemtangaza kuwa wa Caesar. Sina haja ya kulificha hilo. Ninachokataa ni kulifanya jambo hilo kuwa historia yake yote wakati kwa wanaume wa zama zake tunalipitisha kama aya ndogo. Caesar alikuwa na sifa ya kutembea na wake za maseneta wenzake, na bado tunamsoma kwa vita vyake vya Galia na kalenda yake. Octavian, mrithi wa Caesar, huyu aliyejifanya mlinzi wa maadili ya Roma, alimchukua Livia akiwa na mimba ya mume mwingine, na bado tunamsoma kwa ujenzi wa dola. Antony alikwisha kuoa zaidi ya mara moja kabla hajamjua malkia wa Misri. Wanaume tunaoweza kuwataja kwa ushahidi katika maisha ya Cleopatra, ukiacha ndoa za kifalme na wadogo zake wawili, ni wawili tu, kwa muda wa miaka 18. Mwanamke huyo ndiye aliyegeuzwa kuwa mfano wa uasherati wa dunia nzima. Mkuki kwa nguruwe.

Na jambo la watoto lilikuwa jambo la dola. Ukoo usio na mrithi ulimezwa na Roma kwa kisingizio cha wosia, kama ilivyotokea Pergamo mwaka 133 KK mfalme wake alipokufa bila mtoto na kuirithisha nchi kwa Warumi. Malkia mwenye watoto wanne alikuwa na la kuwaambia wanaomsubiri afe.

Wasomaji wa Kiswahili walimjua Caesar mapema kupitia tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Katika tamthilia ile Cleopatra hayumo, ilhali Caesar alipouawa mwezi Machi mwaka 44 KK, malkia huyo alikuwa palepale Roma, akikaa katika nyumba ya Caesar ng'ambo ya Mto Tiber. Cicero, msemaji mkuu wa Seneti, alimwandikia rafiki yake Atticus baada ya malkia kuondoka na kukiri kwamba anamchukia. Kwa nini? Analalamikia kiburi chake, na ahadi aliyompa ambayo haikutimizwa, ahadi ya vitu vya kielimu vinavyomfaa mtu wa hadhi yake. Huyo ni shahidi aliyemwona kwa macho, hasidi wa wazi, mtu ambaye ulimi wake haukumwacha mtu. Katika malalamiko hayo hakuna neno juu ya urembo wala ushawishi wa kimwili. Alimwona malkia mwenye majivuno ya kimalkia na msomi mwenye vitabu vya kuahidi.

Plutarch naye, ambaye wapenzi wa visa vya mahaba humtegemea sana, anasema wazi kwamba uzuri wa Cleopatra peke yake haukuwa wa kumshangaza mtu. Sarafu alizozitoa mwenyewe zinamwonyesha na pua iliyopinda na kidevu kilichochongoka, na hakumwagiza mchongaji azilainishe. Kilichomvutia mtu, asema Plutarch, kilikuwa mazungumzo yake na sauti yake. Kisha anataja lugha alizozungumza bila mkalimani: za Waethiopia, watu wa pwani ya Bahari ya Shamu, Waebrania, Waarabu, Wasiria, Wamedi na Waparthi. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wake kujifunza Kimisri, baada ya ukoo huo kuitawala Misri kwa zaidi ya miaka 250. Mababu zake walipokea kodi za watu wasiojua hata kuwaamkia. Anayejifunza lugha ya mkulima anataka kumsikia karani anavyomdhulumu, na anataka makuhani wamwone ni wao. Jiwe la kumbukumbu kutoka Hermonthis linaeleza kwamba katika mwaka wake wa kwanza malkia alimsindikiza kwa mashua fahali mtakatifu Buchis. Kwenye ukuta wa nyuma wa hekalu la Hathor huko Dendera amechongwa pamoja na mwanawe, wakitoa sadaka kwa miungu ya Misri. Hiyo ni siasa ya mtu anayejenga uhalali wake kwa wananchi, kijiji kwa kijiji.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 42 na 41 KK, Nile ilipogoma kufurika kwa miaka miwili mfululizo. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza barafu ya kale ya Greenland walieleza kuwa volkano ya Okmok, huko Alaska, ililipuka kwa nguvu mwaka 43 KK, na mlipuko huo ukapoza hewa na kuvuruga mvua mbali sana na hapo. Misri ilipigwa na njaa na tauni kwa janga ambalo chanzo chake hakuna aliyekijua. Nchi ingeweza kuanguka kwa chini ya hapo. Yake haikuanguka. Ya Aprili 41 KK ipo amri nyingine, inayowakataza maofisa wa mikoani kuwatoza wakazi wa Aleksandria wenye mashamba malipo yasiyo halali juu ya kodi ya kawaida. Walionufaika walikuwa watu wenye uwezo, sikatai. Lakini mtawala anayewabana watoza kodi wake katikati ya njaa ameelewa kwamba mkulima akikimbia shamba, hazina hufa mwakani. Alirudisha pia sarafu za shaba zilizopigwa alama ya thamani, 80 na 40, ili mtu sokoni ajue ana kiasi gani mkononi.

Katikati ya shida hizo ndipo Antony alipomwita Tarso, mwaka 41 KK. Tunaelezwa habari za mashua yenye tanga za zambarau na manukato, na tunasahau kwamba alikuwa ameitwa kujibu tuhuma za kuwasaidia wauaji wa Caesar. Alikuwa na hoja. Vikosi vinne vya Kirumi vilivyokuwa Misri alivituma kwa Dolabella, mtu wa upande wa Caesar, na Cassius, mmoja wa wauaji hao, akavipora njiani. Aliandaa meli, dhoruba ikaziharibu. Antony alihitaji fedha na nafaka kwa vita vyake na Waparthi, na Cleopatra alihitaji ulinzi. Wakapatana. Sehemu mojawapo ya mapatano hayo ni mbaya: dada yake Arsinoe, aliyekuwa amewahi kutangazwa malkia dhidi yake, alitolewa katika hekalu la Artemi huko Efeso na kuuawa.

Kisha sikilizeni. Mwaka 40 KK Antony aliondoka Misri, akaenda kumwoa Octavia, dada yake Octavian, na hakuonana tena na Cleopatra hadi mwaka 37. Kwa zaidi ya miaka mitatu malkia huyu, ambaye eti alitawala kwa kuwashika wanaume, hakuwa na mwanamume wa kumshika. Alikuwa na mapacha wachanga na nchi iliyotoka kwenye njaa. Hakupinduliwa, na hapakuwa na maasi makubwa. Antony aliporudi kumtafuta, alimkuta ana hazina ya kumkopesha.

Na alitoza bei ya mkopo huo. Antony alimkabidhi maeneo ya Siria, pwani ya Foinike isipokuwa Tiro na Sidoni, sehemu za Kilikia, na mashamba ya zeri na mitende ya Yeriko. Waandishi wa Kirumi waliita hayo zawadi za mpenzi aliyelewa. Fungueni ramani. Kilikia na Foinike zilikuwa na misitu, na Misri haina mbao za kujengea meli. Zeri ya Yeriko ilikuwa miongoni mwa bidhaa ghali kuliko zote, na Herode, yuleyule wa Injili ya Mathayo, akalazimika kulipa talanta 200 kwa ajili ya kuyakodi mashamba yaliyokuwa yake. Ukiyaunganisha maeneo hayo na Kupro unapata karibu mipaka ya Misri ya karne ya tatu KK, enzi za nguvu za mababu zake. Alichokuwa akikidai kilikuwa na mpangilio. Na Antony hakumpa kila alichoomba: aliitaka Yudea yote, akanyimwa, kwa sababu Antony alimhitaji Herode. Mwanamume aliyerogwa hachagui hivyo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni karatasi moja ya mafunjo iliyoko Berlin. Ni ya Februari mwaka 33 KK. Kwa karne nyingi ilifichika ndani ya kasha la maiti, maana karatasi za ofisi zilizokwisha kazi zilitumika kutengenezea makasha hayo. Ndani yake malkia anampa Mrumi mmoja mkubwa msamaha wa ushuru: kila mwaka aruhusiwe kutoa Misri artaba (kipimo cha nafaka) 10,000 za ngano na kuingiza mitungi 5000 ya mvinyo wa Kos bila kulipa, na mashamba yake yasitozwe. Karani ameiandika kwa mwandiko wa ofisi. Chini, kwa mkono mwingine, limeongezwa neno moja la Kigiriki la kuidhinisha: na ifanyike. Wanazuoni kadhaa wanaamini mkono huo ni wa Cleopatra. Uwe wake au wa msaidizi wake, karatasi ile inatuonyesha alivyofanya kazi. Hakumvuta Mrumi yule kwa jicho. Alimnunua kwa ngano, akiijua idadi, bandari na kodi anayoisamehe.

Basi kile kisa kingine kilitoka wapi? Kilitoka Roma, mwaka 32 KK. Octavian alitaka kumwangusha Antony, lakini Warumi walikuwa wamechoka kuuana wao kwa wao. Akautwaa wosia wa Antony uliohifadhiwa kwa makuhani wa kike, mabikira wa Vesta, akausoma hadharani, na vita ikatangazwa rasmi dhidi ya Cleopatra peke yake. Ili uongo huo usimame, ilibidi Antony aonekane hana akili tena, mtumwa wa mwanamke wa kigeni, na ilibidi mwanamke huyo awe na nguvu za kumtoa mtu akili. Kila sifa tunayomhusisha nayo leo, anasa, ulevi, ulaghai wa mapenzi, ilikuwa na kazi katika hoja hiyo. Ushindi ulipopatikana, washairi wakubwa kama Horace na Propertius wakaipamba katika dola ambayo Octavian ndiye bwana wake, na karne zilizofuata zikapokea mashairi hayo kama ushahidi wa mahakamani. Habari nyingine ziliongezwa tu baadaye: kuoga maziwa ya punda, kwa mfano, ni habari ambayo Plinius Mkubwa aliiandika juu ya Poppaea, mke wa Nero.

Hata vita ya Actium ya tarehe 2 Septemba 31 KK imesimuliwa kwa mkondo huo: malkia akaingiwa na hofu, akakimbia, na mpenzi wake akamfuata. Lakini Agrippa, amiri wa Octavian, alikuwa amekwisha kuteka vituo vyao vya pwani na kukata njia za chakula, na maradhi yaliwamaliza mabaharia. Meli za Antony siku ile zilipakia matanga, mzigo ambao meli za vita za zama zile ziliuacha pwani zinapoingia vitani. Hazina ya vita ilikuwa kwenye meli za Cleopatra. Huwezi kupakia matanga na dhahabu kwa ajili ya hofu itakayokupata mchana. Walipanga kupenya mzingiro. Cleopatra alisubiri upepo ugeuke, akapenya na meli 60, na hazina ikafika Misri. Baadaye alijaribu kuziburuta meli nchi kavu hadi Bahari ya Shamu ili aanze upya upande wa mashariki, na Waarabu wa Nabatea wakazichoma. Huyo ni mtu aliyekuwa akitafuta mlango hadi siku za mwisho.

Nitajibiwa: pamoja na hayo yote, alishindwa. Kweli, alishindwa. Lakini mpimeni na wenzake. Makedonia, Pergamo, Kirene, Ponto, Siria ya Waseleuki, zote zilikwisha kumezwa kabla hajashika madaraka. Ufalme wake ndio uliobaki wa mwisho kati ya falme kubwa za warithi wa Aleksanda kuzunguka Mediterania, na chini yake ulipanuka. Warumi wenyewe walijua thamani ya walichokipata. Mwanahistoria Cassius Dio anaeleza kwamba hazina ya Misri ilipofika Roma, riba ya mikopo ilishuka kutoka asilimia 12 hadi 4. Seneti ikaupa mwezi jina la Augustus, yaani Octavian, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba Misri ilitwaliwa katika mwezi huo. Kila tunapoandika Agosti kwenye barua tunaandika tarehe ya ushindi dhidi ya mwanamke huyu. Hakuna dola inayofanya sherehe ya namna hiyo kwa kumshinda kahaba.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ni pamoja na lawama anazostahili. Damu ya dada yake iko mikononi mwake. Mwanahistoria Myahudi Josephus anamtuhumu pia kumpa sumu mdogo wake wa pili, na kuwanyima Wayahudi wa Aleksandria nafaka wakati wa njaa. Fedha halisi katika sarafu zake ilikuwa kidogo mno. Mahekalu yalikamuliwa kugharamia vita. Haya ni makosa mazito, na sitaki tuyafunike kwa kumpamba upya kama shujaa asiye na doa. Lakini ni makosa ya mtawala: ya ukatili wa kifalme, ya hazina, ya ugavi wa chakula. Kisa cha mrembo kinamdhulumu hata aliyemkosea, kwa sababu kinafuta walioumizwa na amri zake na kubakiza wanaume wawili wanaodaiwa kuumizwa na macho yake.

Siku hizi mjadala umehamia kwenye rangi ya ngozi yake. Asili ya mtu ni swali halali la historia, na tunajua kuwa ukoo wa baba yake ulitoka Makedonia. Lakini angalieni jinsi pande zote mbili za ugomvi huo zinavyofanana na Octavian: bado tunaukagua mwili wake. Hakuna anayerushiana maneno mtandaoni kuhusu amri yake ya nafaka.

Palikuwa na mapokeo mengine, na yalipita karibu na kwetu. Al-Masudi, mwanahistoria na msafiri wa Baghdad wa karne ya kumi, alivuka bahari hadi pwani yetu na kufika Qanbalu, ambako wanahistoria wengi wanapatambua kuwa Pemba. Katika kitabu chake kikubwa cha historia alimweleza Cleopatra kuwa mwenye hekima na mwanafalsafa, aliyewainua wanazuoni na kupenda kukaa nao, mwenye vitabu vya tiba vilivyojulikana na matabibu. Mapokeo hayo nayo yana chumvi yake. Hata hivyo yanathibitisha kwamba watu wasiokunywa kisima cha Octavian waliweza kumkumbuka kwa akili. Huko Philae, kusini mwa Misri, mwandishi wa hekalu la Isis aliacha maandishi ya mwaka 373 BK akisema ameipaka dhahabu sanamu ya Cleopatra. Miaka 400 baada ya kifo chake, Wamisri walikuwa bado wakimheshimu mtu ambaye Roma ilimwita aibu.

Walimu wa historia, waandishi wa vitabu vya watoto, watangazaji wa vipindi vya redio: jambo hili liko mikononi mwenu. Msichana anayesoma habari za malkia huyu leo anafundishwa kwamba mwanamke akikaa mezani na wakuu, kuna mlango wa nyuma aliopitia. Mvulana aliye kando yake anafundishwa vivyo hivyo, na atakuja na fundisho hilo kazini na bungeni. Wapeni amri ya mwaka 50 KK waisome. Wapeni ramani ya Kilikia na Yeriko, na karatasi ya Berlin, na orodha ya lugha zake, na pia jina la Arsinoe aliyeuawa Efeso. Waacheni wabishane kama aliitawala Misri vizuri au vibaya. Wakiisha kupima hayo, anayetaka kuzungumzia sura yake na azungumze. Asituambie tu kwamba hiyo ndiyo historia yake.